Jina Moja Kwenye Dumu na Kwenye Kopo

3 Februari

Mpwa wangu, Fundi Mdogo,

Marahaba nimeitanguliza, maana najua utaanza na shikamoo na mimi sipendi kuacha mtu anangoja. Sisi wazima. Binamu yako mkubwa amehamishwa kituo cha kazi. Hajasema kama amepandishwa cheo au ameshushwa, anasema tu "nimehamishwa", kwa hiyo tumeshajua.

Mkazamjomba wako anakusalimu. Anashona sare za wauguzi, thelathini, nyeupe zote, nyumba nzima imejaa nyuzi. Lile kopo la krimu ulilotuma Novemba lilifika likiwa na lebo iliyobandikwa upande. Alicheka akasema yeye hapaki lebo.

Mimi natimiza mwezi wa saba tangu nistaafu. Friji yetu haijaharibika. Nimeifungua mara mbili kuhakikisha.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kuna jamaa mmoja tuliyefanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha barafu. Alisikia nina mpwa anayechanganya krimu kiwandani, akanibebesha maswali. Jamaa huyu amesoma nyuma ya kopo la krimu la mke wake na kuona, jina la tatu baada ya maji, limeandikwa propilini glaikoli. Na yeye nyumbani anayo propilini glaikoli, lita tano, kwenye dumu. Ni ile kulanti tuliyokuwa tukiizungusha kwenye mabomba ili yasigande. Jina ni hilo hilo, herufi kwa herufi. Anauliza:

Kwanza, ni kitu kile kile? Pili, kwenye krimu inafanya kazi gani, maana mkono wa mtu haugandi? Tatu, mtu akiongeza kidogo kwenye kopo, kuna ubaya?

Usimfikirie vibaya. Ni mtu makini sana.

Usinijibu kwa simu. Simu haiwekwi kwenye faili.

Nimesahau: mkazamjomba wako ana vipele vidogo kwenye vidole. Nimemwambia ni sabuni.

Mjomba wako

*

19 Februari

Mjomba,

Marahaba iliyotangulia nimeipokea, na shikamoo naituma hivyo hivyo, isije ikaonekana nimeanza kujisahau. Mimi mzima. Chumba nilichopanga sasa kina dirisha linalofungwa. Mwenzangu wa chumba bado anaimba akioga. Kazini nimetimiza mwaka wa nne kwenye pipa, na Jumatatu iliyopita msimamizi alisema, mbele ya watu, kwamba mchanganyo wangu hauna madonge. Huyu ni mtu ambaye siku ya harusi yake mwenyewe alisema "si mbaya". Nilikosa pa kuweka mikono.

Nijibu maswali ya jamaa yako, nianze na la pili kwa sababu ndilo tamu.

Mwambie afanye hivi. Adondoshe tone la maji mezani, na pembeni tone la propilini glaikoli safi. Arudi kesho. La maji litakuwa limekwenda zake, lile jingine lipo, bado linang'aa. Kile kitu kinapenda maji. Kinayavuta na kuyashikilia, hata unyevunyevu wa hewani. Ndiyo maana tunakitia kwenye krimu: ngozi ibaki na maji yake na krimu isikauke kwenye kopo. Lakini hakiachwi peke yake. Hewa ikiwa kavu sana kinaweza kuyavuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe, kwa hiyo juu yake tunaweka mafuta yawe kifuniko.

Kazi yake nyingine ni kuyeyusha. Manukato hayapatani na maji. Ukiyamimina moja kwa moja yanaelea juu kama wageni waliosusa chakula. Mimi nayayeyusha kwanza kwenye propilini glaikoli, kisha ndipo yanakubali kuingia. Na hata kule kwenye mabomba yenu ni tabia ile ile: kinayashikilia maji yasipate nafasi ya kujipanga yakawa barafu.

La kwanza. Jina ni moja, ndiyo. Ya kwangu inakuja imesafishwa, na mkemia wetu anaipima kabla sijaifungua. Natia kilo nne tu kwenye kilo mia za krimu. Yenu imetiwa dawa ya kuzuia kutu, imetiwa rangi ya kijani ili ikivuja fundi aione, na imezunguka kwenye vyuma miaka mingapi sijui.

La tatu: ubaya upo. Asitie hata tone. Na kama ametia, kopo zima alitupe leo.

Mkazamjomba aache kila kitu cha kupaka kwa wiki mbili tuone. Wapo watu wachache ambao ngozi zao hazipatani hata na ile iliyo safi. Krimu yangu ni nyeupe pe. Akiiona ina rangi nyingine yoyote, aniambie.

Huyo jamaa ni yupi, Mjomba? Kwenye kiwanda cha barafu mafundi mlikuwa watatu na wote nawajua. Mmoja hajaoa. Mwingine hajawahi kusoma lebo maishani mwake.

Mpwa wako

*

14 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Mvua imeanza na paa limevuja mahali pawili, nimeziba mahali pamoja. Binamu yako amepata nyumba kwenye kituo kipya, anasema "ina hewa". Nadhani haina dirisha.

Huyo jamaa humjui, alikuwa wa zamu ya usiku.

Maelezo yako ni mazuri. Nimeyasoma mara tatu na yamekaa kwenye faili. Nilifanya jaribio la matone mezani na lilikwenda kama ulivyosema, ila tone langu liliacha alama ya kijani kwenye meza. Nasema langu kwa maana ya jamaa, aliniazima.

Jamaa amepokea ushauri. Inaelekea alikuwa ameshatia, lakini kidogo. Anauliza: mke wake akiwa amepaka wiki kama tisa, ngozi itarudi?

Mkazamjomba wako vidole vimepasuka kwenye ncha. Uzi unanasa kwenye ngozi na damu inadondoka kwenye kitambaa. Sare za wauguzi amezirudisha zikiwa kumi na moja tu zimekamilika. Hapokei tena vitambaa vyeupe, anapokea vyeusi na vya kahawia. Kwa bahati kuna watu wanaopenda kahawia.

Yeye akiwa kwenye cherehani huwa namsomea barua zako. Hii nilimsomea, isipokuwa sehemu ya jamaa, kwa kuwa hamjui, na mstari wa rangi ya krimu niliuruka. Nilimwambia aache krimu. Akanijibu kwamba krimu ya mpwa wake haiwezi kumdhuru, tatizo ni sabuni, na ni mimi niliyesema ni sabuni. Nikalificha kopo juu ya kabati. Akalipata. Nikalificha ndani ya ndoo ya saruji. Akalipata tena, akaniuliza kama nazeeka.

Jana alikwenda zahanati. Hajaniambia walimwambia nini. Alirudi akakaa mezani akaandika kitu, na mimi nikajitia hamnazo.

Mjomba wako

*

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili. Mwenzangu wa chumba anakusalimu, hata yeye ameacha kuimba kwa sababu ameniona nilivyo.

Alichoandika mkazamjomba mezani kimefika hapa. Ni barua ya malalamiko kwenda kiwandani, mwandiko wake ule ulionyooka kama mshono, na ndani ya kikopo cha vifungo ametia krimu kidogo iliyobaki, kama walivyomshauri zahanati. Hakunitaja. Hajui kwamba namba ya kopo inaonyesha aliyechanganya. Amenakili tu namba iliyo chini ya kopo, 417, kwa sababu lebo inasema mwenye tatizo anakili namba iliyo chini ya kopo.

Mjomba, 417 ni mimi. Kila mchanganyo una namba yake, na kwenye daftari pembeni ya namba kuna sahihi ya aliyechanganya.

Krimu iliyomo kwenye kikopo ina rangi ya kijani. Na pipa letu linazungukwa na mabomba ya baridi, ya kupozea mchanganyo, na ndani yake kuna kulanti ya kijani. Kwa hiyo msimamizi amesema pipa linavuja, na kwamba mimi nilitia sahihi kila asubuhi kuwa nimelikagua. Nililikagua, Mjomba. Kila asubuhi, kwa tochi, nimeinama mpaka kiuno kinauma. Kopo la akiba la 417 limepimwa na ni safi, lakini wanasema hilo lilitoka katikati ya pipa. Makopo yenye lebo zilizopinda, yale tunayopewa wafanyakazi, hujazwa mwishoni kabisa, na huenda uvujaji ulikaa chini.

Tangu Jumatatu nimeondolewa kwenye pipa. Nimekaa dawati la malalamiko, nagonga mihuri ya "Imepokelewa". Ya mkazamjomba niliigonga mwenyewe. Kikopo kimepelekwa maabara ya nje. Wakithibitisha ni kulanti, kamati itakaa tarehe 12 Juni. Mtu aliyetia sahihi ya uongo hahamishiwi dawati jingine. Anaonyeshwa geti.

Nimeanza kujishuku. Najiuliza kama kuna asubuhi moja nilitia sahihi bila kuinama.

Nakuuliza kwa heshima zote, na tafadhali usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa: dumu la yule jamaa wa zamu ya usiku lina kitu cha rangi gani?

Mpwa wako

*

6 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nyingi sana kutoka hapa. Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Paa limekwisha. Nimepaka rangi mlango wa choo. Nimefungua friji, nikasafisha kompresa yote, ile pampu ya nyuma, ingawa ilikuwa safi, na nilipoirudisha ikagoma siku mbili, sasa inakwenda vizuri kama zamani. Jirani yetu fundi viatu amenunua spika. Binamu yako anasema kituo kipya kina watu wa heshima. Mvua zimepungua. Mkazamjomba wako vidole vinaendelea hivyo hivyo, vimefungwa bandeji, anashona taratibu.

Kuhusu rangi ya dumu, jamaa anasema hakumbuki.

Barua yako ya mwisho sikumsomea mkazamjomba wako. Niliona haina sehemu ya kusoma kwa sauti. Aliniuliza mpwa wake anasemaje nikamwambia hujambo.

Lile kopo, kama wangelitaka, nimeliosha. Naweka parafujo.

Kamati ni watu wazima. Wataona haki.

Mjomba wako

*

15 Mei

Mjomba, shikamoo. Mimi sijambo, kama ulivyomwambia.

Majibu ya maabara yamerudi. Ni kulanti. Propilini glaikoli nyingi mno kuliko ninayotia, rangi ya kijani, na dawa ya kuzuia kutu. Mkemia wetu ni mwanamke mpole, alinifuata dawatini akaniuliza kwa sauti ya chini kama huko nyumbani kuna mtu anayeweza kuwa na kitu kama hicho. Niligonga muhuri mwingine. Sijawahi kudanganya kazini, na siku hiyo nilidanganya kwa kunyamaza.

Ningeweza kumtaja jamaa yako. Lakini nikimtaja mimi, bila yeye kujitaja, itaonekana ninatafuta mtu wa kumtupia mzigo. Msimamizi ameshasema kwamba watu wakibanwa hukumbuka wajomba.

Nimelisoma daftari lote la mwaka. Sahihi zangu ni mia mbili na sitini na moja. Zote zinafanana, na hilo nalo wanaliona ni tatizo.

Kamati ni tarehe 12 Juni. Barua kutoka kwenu inachukua siku tisa. Sitakuuliza tena.

Salamu kwa mkazamjomba, umsomee au usimsomee.

Mpwa wako

*

28 Mei

Mpwa wangu,

Hatujambo, isipokuwa mimi. Binamu yako amekiri kuwa alishushwa cheo. Alikiri kwa simu, kwa muda wa dakika mbili, na alipomaliza akauliza kama mvua zinanyesha. Nimelifikiria sana jambo hilo.

Hakuna jamaa wa zamu ya usiku. Kiwanda cha barafu hakikuwa na zamu ya usiku. Ni mimi. Najua ulijua tangu Februari, lakini acha niandike kwa mkono wangu ili iwe kwenye faili.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Mkazamjomba wako alikuwa amefika chini ya kopo, anakwangua kwa mpini wa kijiko. Nikasema tumwandikie mpwa atume jingine, akasema tusikusumbue. Nikaligeuza kopo, nikasoma, nikaliona lile jina. Siku ya kuagwa mwenzangu alipewa saa ya ukutani na mimi nikaomba dumu. Miaka thelathini na moja nimeimimina kulanti ile kwa mikono hii. Nikasema, kumbe ni hii tu.

Mpwa wangu, nilifurahi. Tangu nistaafu hakuna kitu humu ndani kilichoniita. Friji inakwenda, feni inazunguka, cherehani anaitia mafuta mwenyewe. Siku hiyo niliona nimepata kazi ninayoijua kuliko mtu yeyote mtaani. Dawa ya kutu nilijua imo. Nikafikiri, kitu kinachozuia chuma kisioze miaka thelathini kitashindwa vipi na vidole vya mtu? Nilifikiri hivyo kwa akili zangu zote, nikiwa nimevaa miwani. Rangi ilipotokeza nikamwambia kiwanda chenu kimetoa aina mpya.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilielewa siku ile ile. Kilichonifunga mdomo ni aibu. Fundi wa mitambo ya baridi, watu walikuwa wananifuata kutoka mbali, leo aseme amemuunguza mke wake kwa kulanti kwa kijiko cha chai. Kila nilipokaa kuandika, nilijikuta naandika habari za paa. Na wewe wakati huo ulikuwa unagonga mihuri.

Jana nilimwambia. Alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichoma kwenye kitambaa, kwa bandeji zile, ilichukua muda. Akaniuliza, "Vijiko vingapi?" Nikasema, "Vichache." Akasema, "Nimeuliza vingapi." Nikasema sita. Akaniambia nilete barua zako zote nimsomee tangu mwanzo, bila kuruka. Nilipofika pale unapoondolewa kwenye pipa akaninyang'anya karatasi akamalizia mwenyewe.

Akasema, "Umemwacha mtoto wa dada yako asimame mbele ya kamati kwa ajili ya aibu yako." Baada ya hapo hakusema tena. Leo pia hajasema. Nimepika, amekula, hajasema.

Maelezo kwa kamati nimeyaweka humu na nakala nimeibandika hapa chini, uone hakuna nilichopunguza. Nilikuwa nimeandika "kiasi kidogo". Amelikata kwa kalamu ya chaki ya kushonea akaandika "sita", ikabidi niandike upya.

"Kwa Kamati. Mimi ni fundi mstaafu wa mitambo ya baridi, miaka thelathini na moja kazini. Kati ya Januari na Februari nilitia vijiko sita vya kulanti kwenye kopo namba 417, nyumbani kwangu, bila mke wangu kujua. Chupa ya kulanti hiyo nimeambatanisha, ipimeni. Pipa lenu halivuji. Aliyechanganya hakukosea. Niliyekosea ni mimi. Naomba msimwadhibu mtu kwa kazi ya mikono yangu. Shahidi: mke wangu, mshonaji, mwenye vidole vilivyounguzwa."

Sahihi yake imepinda kwa sababu ya bandeji. Bahasha ameipeleka posta mwenyewe. Nilijitolea niipeleke mimi, akaniangalia tu.

Mjomba wako

*

18 Juni

DAWATI LA MALALAMIKO

Ndugu Mteja,

Barua yako ya tarehe 28 Mei, yenye maelezo na chupa moja, tunakiri kuipokea. Chupa imepimwa na kilichomo kinafanana na kilichokutwa kwenye kopo. Mabomba ya pipa yamefunguliwa yote mbele ya kamati na hayana tundu. Kamati imeridhika kwamba mchanganyo namba 417 ulitoka kiwandani ukiwa salama.

Tunakujulisha kwamba propilini glaikoli inayotumika kwenye bidhaa zetu husafishwa kwa ajili ya ngozi na hutiwa kwa kipimo. Ile ya kwenye mabomba haifai kupakwa, kulambwa, wala kupewa mtu umpendaye. Kuanzia toleo lijalo kifuniko cha kopo kitaandikwa: "Usiongeze kitu chochote." Kiwanda kimefanya kazi miaka ishirini na miwili bila kuhitaji maneno hayo.

Tunamtakia mkeo nafuu. Aendelee na dawa aliyopewa zahanati, avae glavu za pamba anaposhona, na asipake kitu kingine mpaka ngozi ifunge. Kwa watu wengi ngozi hurudi.

Faili imefungwa.

Mchanganyaji, aliyeazimwa dawati

Mjomba,

Shikamoo. Hapo juu ni kiwanda kimesema, na ni barua yangu ya mwisho kwenye dawati hili. Jumatatu narudi kwenye pipa. Msimamizi ameniomba radhi kwa kuniambia nichukue tochi mpya. Mkemia alinikumbatia ukumbini. Hapa chini ni mimi.

Maelezo yako yalisomwa kwa sauti mbele ya watu saba. Walipofika kwenye vijiko sita mmoja alicheka, na mimi nikamkasirikia yeye, nikasahau kwamba aliyestahili kukasirikiwa ni wewe. Niliporudi dawatini nikakumbuka. Nilikwenda chooni nikalia muda wote wa chai. Nililia kwa sababu wewe ndiye uliyenipeleka shule mama alipofariki, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fundi hatii sahihi kwenye kitu asichokiona kwa macho, na miezi mitatu ukaniacha nisimuamini mtu aliyetia zile sahihi. Nilifika mahali pa kuamini kwamba ninadanganya na sijui.

Mkazamjomba ameniandikia. Nadhani hajakwambia. Barua yake ina mistari minne, na mmoja unasema umeanza kumtungia uzi kwenye sindano kila asubuhi bila kuambiwa, kwamba unakosea tundu mara tano ndipo unapata, na kwamba bado hajaamua kuongea nawe lakini amehamisha kiti chako kikawa karibu na cherehani.

Nataka ujue hesabu yangu. Ungeniandikia Februari "ni mimi", ningekasirika siku mbili. Ningekutumia kopo jipya na barua ya kukucheka, mkazamjomba angekuwa ameshona sare zake zote thelathini, na mambo yangekwisha. Sasa sijui nitakasirika mpaka lini. Siwezi kukuambia nimekusamehe kwa kuwa sijakusamehe, na wewe unapenda kilichoandikwa kiwe cha kweli.

Lakini nimeomba likizo ya wiki moja, wamenipa. Nafika Jumamosi ya kwanza ya Julai na gari la asubuhi. Sitaki kukasirika huku peke yangu, mbali, na mtu wa kumkasirikia yuko huko. Nitandikie kitanda changu kile cha zamani. Nitakuja nimalizie hasira zangu hapo hapo kwenu, mbele yako, mpaka ziishe.

Mpwa wako